Nyota za Byayi

Krismasi yetu ya kwanza Kampala, theluji ilitembea.

Sitanii. Shule ya binti yangu ilikuwa imeagiza kila mtoto aje na roli moja ya pamba ya famasi ili wafundishwe kutengeneza mtu wa theluji. Siku ya kufunga shule mtu huyo akaletwa nyumbani, na nusu roli ikawa imebaki. Mimi situpi kitu. Nikanunua tawi la msaipresi kando ya barabara ya Jinja, nikalisimika kwenye ndoo ya mchanga, nikapika gundi ya unga wa ngano kama tulivyopika utotoni, nikabandika pamba tawi kwa tawi hadi saa tano usiku. Mti ukapendeza. Asubuhi naingia sebuleni, naona pamba inasogea. Sisimizi wamenusa unga, wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kileleni, kila kundi limeng'ang'ania kipande chake. Tulipomaliza kuwafukuza, theluji yote ilikuwa sakafuni, na msaipresi wenyewe ulishaanza kuwa rangi ya kahawia kwa joto. Mtu wa theluji naye alijaa sisimizi hadi tumboni. Binti alilia kama amefiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Kibosho. Theluji naijua. Nimekua naiona juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila mawingu yakifunguka, nami niko chini mgombani nimevaa kandambili, jua linanichoma utosi. Haikumjia mtu yeyote pale kwetu kuitaka ndani ya nyumba. Ilikuwa mali ya mlima. Krismasi ilikuwa ndugu kupanda kutoka Dar, mbege, nyama, na kadi za miaka iliyopita zilizotundikwa kwenye uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Sasa nimekuja Uganda, ndiyo nimeanza kubandika pamba!

Kuna watakaosema Kampala si ughaibuni, ni kuvuka mpaka tu. Waje wakae Desemba. Kuanzia tarehe 20 hivi mji unamwagika, taksi zinajaa, kila mtu anakwenda kyalo, yaani kijijini kwao. Sisi ambao kyalo chetu kiko nchi nyingine tunabaki na mbwa wa majirani. Mvua zimekatika, vumbi jekundu linaanza kutua kwenye majani. Majira ya joto kama wanavyoyajua wengine hatuna, maana ikweta yenyewe inapita pale Kayabwe, njia ya Masaka, mwendo wa saa chache kutoka hapa, lakini jua la sikukuu ni jua hasa.

Mwaka ule tulibaki sisi na Hajati wa nyumba ya pili. Hajati ni Mnubi, amekulia Bombo, wazee wake ni wale askari Wasudani wa gavana Emin Pasha ambao Kapteni Lugard, yule Mwingereza, aliwaleta huku mwaka 1891. Nikimwamkia shikamoo anacheka: "Mama Tanzania, Kiswahili yako ni ya kitabu." Mchana anakaa barazani na shazia, ile sindano yake kubwa, anasuka sinia za chane zilizotiwa rangi, waridi, kijani na manjano, mistari imekaa sawasawa kama imepigwa rula. Nikamsimulia habari ya sisimizi. Alicheka mpaka akaweka kazi chini. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa Yesu alizaliwa kwa theluji?"

Kesho yake akaniita. Alikuwa na vijiti sita vya matete, na kifungu cha byayi.

Byayi ni yale maganda yanayokaukia kwenye shina la mgomba. Buganda nzima inafungia vitu kwa byayi: kuku wa sokoni, kuni, hata majani ya ndizi yanayozungushiwa luwombo, kitoweo kinachopikwa humo kwa mvuke. Nyumbani Kibosho migomba tunayo mpaka mlangoni, na maganda hayo tulikuwa tunayaacha yaoze. Aibu yangu. Vikiwa vikavu kabisa vinakatika kama biskuti, kwa hiyo unaviloweka kidogo tu, kisha unavifuta kwa kitambaa na kuvichana upana wa kidole. Ukizidisha maji vinateleza na baadaye vinafanya ukungu. Unafunga vijiti vitatu pembetatu, vitatu vingine pembetatu, unazilaza moja juu ya nyingine, halafu unaanza kuzungusha kyayi kutoka kona, kila mzunguko ukikanyaga nusu ya uliotangulia. Hakuna gundi. Rangi unaipanga mwenyewe, kwa sababu ganda la ndani ni jeupe kama maziwa ya chai na la nje linakaribia weusi. Kwenye kona Hajati aliongeza chane zake za waridi. Akainua kazi yake kwenye mwanga. "Hii nyota ya Nabii Daudi," akasema, "na huyo mtoto wenu si alizaliwa mji wa Daudi? Basi."

Tukatengeneza kumi na moja. Ya binti yangu imepinda kama imegongwa na boda, na ndiyo inayotangulia kutundikwa kila mwaka.

Mwaka uliofuata nikajiona fundi. Nikanunua kipande cha olubugo, kile kitambaa kinachopigwa kwa nyundo za mbao kutoka gome la mutuba. Gome linabanduliwa bila kuua mti, shina linafungwa kwa majani ya mgomba hadi ngozi nyingine iote, na Unesco ilikwishautangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Rangi yake ni ya udongo uliookwa, nzuri mno. Nikakunja shada kubwa, nikalitundika mlangoni, nikasimama barazani nasubiri sifa. Akapita Jjajja, yaani mzee wetu, wa nyumba ya mbele, akasimama, akashika kifua: "Nnyabo, ani afudde?" Nani amefariki?

Olubugo ndicho wanachozikia. Wanavikia pia wafalme, lakini mlangoni pangu hakuna aliyefikiria kutawazwa. Nililitoa shada kabla hajamaliza sentensi. Jjajja mwenyewe ndiye aliyenituliza, akanionyesha kwamba kipande hichohicho ukikikunja malaika wadogo na kuwaweka ndani, hakuna anayeshtuka. Tangu hapo malaika wangu ni wa olubugo na mlango ni wa byayi tu.

Mdogo wangu yuko Auckland, ambako Desemba ni kiangazi cha kweli na mipohutukawa inawaka maua mekundu kando ya bahari, inanikumbusha mikrismasi ya Moshi. Nilitaka kumtumia nyota mbili. Akanipigia haraka: "Dada, usithubutu, huku ukileta jani kavu ni kesi." Wanalinda mimea yao kama mboni ya jicho. Basi nikamrekodia video, naye akatumia harakeke, majani marefu ambayo Wamaori wanasukia vikapu. Yake ilitoka ya kijani, nyembamba, na kwa kweli imenishinda kwa unadhifu, ingawa sijamwambia.

Jumapili hii Jjajja amerudi kutoka Masaka. Kabla hata ya kushusha ndizi zake amemtuma mjukuu aniletee kifungu cha byayi kinene kama paja, kimefungwa kwa byayi vilevile. Nimemuuliza Hajati kama ana nafasi kesho. Amesema vijiti vya matete ameshakata.