Gamba la Tope, Jua, na Mdogo Wangu

Leo nimeinua gamba la tope lililokauka kando ya Ziwa Nakuru, upande wa Mwariki, ambako maji yamepanda hadi kwenye viwanja vya watu. Juu lilikuwa la kahawia iliyokolea, gumu kama ukoko. Nilipolivunja nikakuta chini yake utando wa kijani, bado una unyevu.

Sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mimea, ndio wanaojenga utando wa namna hii, na hawana pa kulikimbia jua. Tuko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana inayounguza, hapa haina mchezo. Baadhi yao hutoa saitonemini, rangi ya kahawia inayokaa kwenye ala inayozunguka seli na kunyonya mionzi kabla haijafika ndani. Mwanabotania Nägeli aliieleza kwa maandishi mwaka 1849. Muundo wake wa kikemia ukaja kujulikana 1993. Ipo pia kinga isiyo na rangi, asidi amino za jamii ya maikosporini, zinazonasa mionzi ya kati ya nanomita 310 na 360 hivi. Mionzi ikizidi, seli huzitengeneza kwa wingi. Kwa spishi nyingine hata chumvi peke yake yatosha kuziamsha.

Lakini asidi hizo zina naitrojeni, na hapo ndipo nilipokwama nikiwaza. Jua liwake litakavyo, naitrojeni ikiadimika majini, kinga nayo hupungua. Mwani wa Dunaliella ni kinyume: ukikosa naitrojeni kwenye jua kali na chumvi nyingi, hujaza beta-karotini, rangi ileile ya karoti, hadi kuwa wa rangi ya chungwa, maana karotini haina naitrojeni ndani yake. Dhiki ni ileile. Kila kiumbe hujikinga kwa alichonacho.

Mdogo wangu ana ualbino. Kuna watu wazima, tena wenye nia njema, wanaomhimiza avue kofia, ati jua atalizoea. Ngozi yangu ikipigwa na jua huongeza melanini, rangi nyeusi inayoikinga. Yake hupata shambulio lilelile, ila jeni zake haziwezi kuikamilisha kazi hiyo. Huungua tu, na miaka ikipita hatari ya saratani ya ngozi huongezeka. Inaniuma wanapomwambia hivyo, kwa sababu bado mdogo na anawaamini wakubwa.

Kesho wana michezo shuleni. Nimemwekea mafuta ya jua na shati la mikono mirefu kwenye begi, na nimemwandikia mwalimu wake nikiomba akae kivulini saa za mchana.