Nyenje wa ami

Nilishasema sitaandika mambo ya ndani ya familia, lakini ami mwenyewe kanipa ruhusa, kasema "andika, ila jina langu usitie na picha usitie", basi humu ni ami tu, yaani ndugu yake baba, kama nnavomwita nyumbani.

Ami anakaa Kangagani, Pemba, ana miaka 71. Tangu mimi mtoto nnajua mambo matatu juu yake: mkali, hasikii, na mguu wake mbovu. Mguu tuliambiwa ni mkarafuu, alianguka zamani huko, na Pemba ukishasema mtu kaanguka mkarafuuni hakuna anaeuliza suali la pili mana kila nyumba ina mtu wake alieanguka. Ukali tuliambiwa ndo alivozaliwa. Hilo la kutosikia ndo lilokuwa kesi ya kila siku, mana mkewe, mama mdogo, miaka yote anashikilia kwamba huyu si kuwa hasikii, huyu hataki kusikia. Na ushahidi anao: akikaa barazani na wazee wenzake wanacheza bao anawasikia, anawajibu, anawabishia mpaka kete zinamwagika, lakini yeye mke akimwita aje ale anaita mpaka koo linamkauka. "Kwa wanaume wenzake ana masikio, kwangu mimi hana." Wajukuu nao wakimsemesha anawatazama midomo tu kisha anaitikia "ee", hata kama mtoto kamuuliza saa ngapi.

Kama aliwahi kuwa askari tulikuwa tunajua, lakini halikuwa jambo la kuzungumzwa. Hadithi alokuwa akiisimulia ni moja tu, na ni ya kuchekesha: walipanda treni mpaka Mwanza, kisha meli usiku kwenda Bukoba, na yeye Mpemba mtoto wa pwani alipoona maji hayana mwisho akasema hii bahari, akateremsha kikombe akaonja, hakuna chumvi. Anacheka mpaka machozi. Ukimuuliza na baada ya Bukoba jee, anauliza chai iko wapi.

Baada ya Bukoba ndo vita vya Kagera. Kwa wadogo ambao skuli walilala kwenye somo hili: Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, Novemba 2 Mwalimu akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, na April 11, 1979 Kampala ikachukuliwa. Jeshi letu lilitanuliwa kwa miezi michache tu, wakaongezwa polisi, magereza, JKT na mgambo kwa maelfu, watu walotoka kwenye makonde yao na baada ya vita wakarudi kwenye makonde yao. Ami yeye alikuwa askari hasa, kaingia 1976 katoka 1981. Miaka mitano. Kwa hivo pensheni ya jeshi hana.

Sasa mwaka jana kiuno kikamzidi, mguu wa kulia ukawa unakufa ganzi, daktari wa kule Pemba akampa rufaa aje Unguja apigwe MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili. Kuja kwenyewe ni safari. Gari ya kutoka Kangagani mpaka Chake, nyengine Chake mpaka Mkoani, halafu boti masaa mawili matatu na ilikuwa kusi, watu wanatapika kulia na kushoto, na mzee mwenyewe kiuno hakikunjiki. Nilimpokea bandarini Malindi akishuka ngazi kinyumenyume. Shikamoo ami. Marahaba mwanangu. Akaniambia "kule Kagera tulipelekwa vizuri kuliko hivi".

Hospitalini (siitaji, na wala hawakutufanyia ubaya) kijana wa kwenye mashine akaanza kumsomea fomu. Una betri ya moyo? Hapana. Umewahi kufanyiwa opereshini ya kichwa? Hapana. Kijana anasoma kichwa chini, mana masuali hayo anamsomea kila anaeingia na kila mtu hujibu hapana, mimi ndo namrejelea ami sikioni. Una chuma chochote mwilini? Nikamrejelea. Ami kimya. Nikadhani hakusikia, nikarejelea tena kwa kupiga kelele mpaka watu wa foleni wakageuka.

"Ninavyo," akasema.

Nikacheka, wallahi nilicheka, nikajua mzee anatia masihara. Kijana akainua kichwa. Vyuma gani mzee? Ami akaweka mkono kwenye nyonga ya kulia, kwa nyuma. "Vya bomu. Nilihesabu vinne."

Basi MRI ikafa hapo hapo. Kijana akatueleza kwa upole kwamba ile mashine ni sumaku kubwa mno, chuma kilichokaa mwilini kinaweza kusogea au kupata moto, na kikiwa jirani na mshipa wa damu au mishipa ya fahamu kinaweza kumuharibu mtu kabisa. Tukapelekwa eksirei kwanza halafu siti skani. Na kweli, kwenye picha vipo, vieupe kama punje za mchele ulovunjika. Vitatu. Nikamwambia ami umekosea hesabu, akafikiri, akasema basi kimoja kitakuwa ni kile kilichotoka chenyewe kwenye jipu mwaka ule wa mvua za El Nino, alikitupa uani.

Na mkarafuu? Alianguka kweli, lakini alianguka kwa sababu mguu ulimkatikia juu ya mti. Kila hospitali alokwenda miaka arubaini na kitu kwenye faili waliandika kaanguka mkarafuuni, na yeye hakusahihisha, na dawa ikawa ya kuchua na vidonge vya maumivu. Nilimuuliza usiku ule kwa nini hukusema ami. Akasema "Hawakuniuliza." Na mimi siwezi kuwalaumu sana madaktari, foleni mpaka nje ya mlango, mzee wa Kipemba na kanzu yake na kofia, nani atafikiri kumuuliza ulikuwa jeshini? Mimi mwenyewe nina miaka 36, sijamuuliza.

Nikakaa na simu mpaka alfajiri nikigugo. Kumbe Marekani, ambako wana wizara nzima ya wapiganaji wastaafu na hospitali zao wenyewe, hilo suali moja linawashinda na wao. Wengi wanatibiwa hospitali za kawaida ambako hakuna anaejua kama walivaa gwanda, mpaka manesi wao wakaanzisha kampeni ya kuhimiza kila mgonjwa aulizwe kama amewahi kutumikia jeshi. Na wasidhani watu kule mambo ni asali tupu, 2014 iligundulika wastaafu wanawekwa miezi bila kuonwa kule Phoenix na orodha zinafichwa, mpaka waziri wao akajiuzulu, Eric Shinseki, na yeye mwenyewe ni majeruhi wa Vietnam alopoteza kipande cha mguu. Baadae sheria ya 2018 ikaleta vipimo: kama kufika kwa daktari wa kawaida ni zaidi ya dakika 30 kwa gari, au kwa daktari bingwa zaidi ya dakika 60, mstaafu ana haki ya kwenda hospitali binafsi na serikali ikalipa. Dakika 60! Nilimsomea ami, akauliza "na bahari ikichafuka?"

Lakini kilichonikamata hasa ni masikio. Nilisoma kwamba kule maradhi yanayoongoza kwenye madai ya wastaafu si kukatika mguu wala risasi, ni mlio ndani ya masikio, na kupungua usikivu nako kuko juu huko huko. Na mlio wa mzinga unavoharibu ni hivi: ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavopokea sauti, mshindo mkubwa unavivunja, na kwa binadamu vikivunjika havioti tena. Na vinaanza kufa vile vya sauti nyembamba. Kwa hivo mtu anabaki anasikia sauti nene, ngoma, gari, wanaume wenzake, lakini sauti za wanawake na watoto zinapotea, na hata herufi zinachaguliwa, s na f na t anazikosa, anasikia kama mtu anazungumza na kitambaa mdomoni.

Nilisoma sentensi ile mara tatu. Sauti za wanawake na watoto. Nikamkumbuka mama mdogo na ushahidi wake wa bao.

Asubuhi nikamuuliza ami, masikioni mna mlio? Akanishangaa, akauliza kwani wewe kwako hamna? Anasema ni nyenje. Wameingia 1979 hawajatoka, mchana wanapunguza, usiku wanachacha. Alikuwa karibu na ile mizinga ya roketi waloiita saba saba, ikipigwa mfululizo, na masikioni hawakutia kitu. "Adui kanipiga nyonga tu," akasema, "masikio nimeuliwa na wa kwetu." Na alisema bila ya chuki yoyote, kama anataja bei ya pweza.

Kuna na la usiku. Sitoliandika lote. Zamani alikuwa akiamka anapiga makelele, mkewe akahamia chumba cha watoto, na usiku wa kuamkia Mapinduzi kila Januari, fashfash (fataki) zikianza, ami huwa keshaondoka zamani, analala bandani konde, tunasema anachunga mihogo. Familia ikaamua ni jini. Akapelekwa kwa mganga, akanywa kombe, akafukizwa, kila kitu alikubali kama askari anaepewa amri. Anasema kombe lilimsaidia kulala na mimi simbishii. Lakini nataka niseme kwamba maradhi haya ya mtu kurejea vitani usiku madaktari wa Marekani waliyapa jina rasmi kwenye kitabu chao 1980, mwaka mmoja tu baada ya Kampala, sasa nani Pemba angeliyajua? Na leo yanajulikana na dawa na ushauri vipo, lakini mwambie mtu hapa akaonwe Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, uone mtaa utakavosema. Aibu hiyo si ya hospitali, ni yetu.

Kuhusu haki zake nimefatilia kidogo nikakwama kwenye karatasi. Ile ya kutokea jeshini iliwekwa kwenye sanduku la mbao, sanduku likaliwa na mchwa, na kila ninapokwenda naambiwa lete karatasi. Anapata pensheni jamii, hii ya Zanzibar ilioanza 2016 kwa kila aliefika miaka 70, na tunashukuru, lakini pale analipwa kwa uzee, vile vyuma havimo kwenye hesabu. Na nikaona wenzetu sheria yao ya 2022 kwa walovuta moshi wa takataka zilizochomwa kambini Iraki na Afghanistan inasema ukithibitika ulikuwepo sehemu ile na una maradhi yalotajwa, basi, huhitaji kuthibitisha kimoja kimeleta chengine. Mzigo wanaubeba wao. Sisi mzigo kaachiwa mzee mwenye sanduku la mchwa. Unguja kuna hospitali ya jeshi Bububu, na raia wanatibiwa pia, nikamwambia twende labda watakuelewa zaidi, tukafika mpaka barabarani akakataa kushuka kwenye daladala. Sikumlazimisha.

Nna rafiki yangu kaka yake alitumwa Kongo kulinda amani. Mnaikumbuka Disemba 7, 2017, kule Semuliki, wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuliwa kwa siku moja na wengi wakajeruhiwa, na humo wamo watoto wa Zanzibar, tulizika hapa hapa. Basi huyo nimemwambia dada yake: karatasi zake zote, fomu za hospitali, kila kitu, mpigie picha mtumie kwa watu watatu kwenye wasapu, akapimwe masikio kwa daktari sasa hivi akiwa kijana, na akija hospitali ya kawaida kwa mafua tu aseme mwanzo kabisa mimi nilikuwa jeshini nikapigwa hapa na hapa.

Ami daktari kasema vyuma visiguswe, kuvichokora saivi ni hatari kuliko kuviacha, kampa dawa ya mishipa na mazoezi, ganzi imepungua kiasi. Mashine ya masikio tunachangishana, bado. Kwenye jalada la daftari lake la kliniki nimeandika kwa maka nyekundu: ALIKUWA JESHINI. ANA VYUMA NYONGANI, ASITIWE MRI. ZUNGUMZA NAE KWA SAUTI NENE, POLEPOLE, AKUONE MDOMO.

Hilo la sauti nene nilimueleza mama mdogo kwa simu, la vinyweleo na sauti za wanawake, lote. Akanyamaza sana mpaka nikadhani bando limekata. Kisha akasema "miaka yote hiyo mimi namnunia". Wiki ilofata mtoto wake kanirikodia klipu, bibi kasimama mlango wa jikoni, kavuta pumzi, kaita kwa sauti nzito kama nahodha wa jahazi, "WEWE MZEE NJOO ULE!" na wajukuu nyuma yake wanaiga, "MZEE NJOO ULEEE!" Na ami anatokea barazani na bakora yake, anasema haya nimesikia, nimesikia, mbona mnanifokea kama sajenti.