Nilivyoizunguka Istanbul Januari bila kuganda

Wifi yangu anauza nguo Kariakoo, na Januari ndiyo mwezi wake wa kwenda Laleli, mitaa ya nguo za jumla mjini Istanbul, kuchukua mzigo. Safari hii akaniambia, "Wifi, twende wote. Asubuhi mimi nahangaika na mzigo, mchana tunatembea." Mji ule nilikuwa nautamani tangu nilipokuwa nakariri shuleni kwamba Konstantinopoli, yaani Istanbul ya zamani, ilitekwa na Waturuki mwaka 1453. Nilichouliza ni kimoja tu: baridi ikoje?

"Ya kawaida."

Aliyezoea ndiye husema hivyo. Joto la mchana Istanbul mwezi huo hucheza kwenye nyuzi nane, tisa, mvua haikauki, na upepo unaotoka Bahari Nyeusi unaingia mwilini bila hodi.

Koti nililipata kwenye mitumba pale Karume. Dar koti zito halina mteja, kwa hiyo nilipewa kwa bei ya kuona aibu, tena zuri, na vifungo vyake vyote. Ndani nilivaa fulana ya mikono mirefu na sweta, kisha nikajifunga kanga kiunoni chini ya koti. Hiyo kanga ndiyo iliyoniokoa. Upepo ukizidi naitoa na kujifunika masikio, nikikaa kwenye jiwe naitandika. Viatu navyo ni jambo la kufikiriwa. Visiingize maji, lakini pia viwe vya kuvuka haraka, maana Istanbul kila baada ya mitaa miwili kuna msikiti unaotaka kuuona, na buti za kamba ndefu zitakufanya uwe umeinama mlangoni siku nzima. Soksi za akiba ziwe mkobani.

Kuna zawadi moja ambayo sikuitegemea. Saa za Uturuki ni sawa na zetu, lakini Januari jua lao linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Adhana ya alfajiri inasikika kwenye saa moja! Wifi anaupenda mji ule kwa sababu hiyo kuliko hata bei za nguo. Ubaya wake ni kwamba kwenye saa kumi na mbili jioni jua linazama, kwa hiyo mchana usiuchezee.

Mbinu yangu ikawa rahisi: nisikae nje muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia, na kila ninapotoka niwe najua nitaingia wapi. Treni ya mjini, ile ya T1, inapita Laleli, inasimama Sultanahmet na kushuka hadi Eminönü kwenye maji. Unachaji kadi yako ya nauli, unapanda, unapata joto, unashuka.

Tulianza na Ayasofya. Jengo lile lilimalizwa mwaka 537, likawa kanisa kwa zaidi ya miaka mia tisa, likawa msikiti, likawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Anayekwenda kuswali haingii kwa tiketi, basi adhuhuri tuliswali chini ya kuba lililo juu mita 55 hivi kutoka sakafuni. Zulia nene, joto, na paka amelala kwenye safu ya nyuma bila wasiwasi wowote. Baada ya hapo nikatoka, nikazunguka mlango wa watalii na kulipa euro 25 nipande ghorofani. Wifi alikataa katakata. "Nimeshaingia bure, nilipie nini?" Alikosa. Huko juu kuna picha ya vijiwe vya rangi ya Nabii Issa, na Bi Maryam na Nabii Yahya wamesimama pande zake, sura zao hai kabisa. Kuna pia ukingo wa marumaru ambao askari wa Kiviking, wale wapiganaji wa kaskazini mwa Ulaya, alichora jina lake zamani hizo, pengine ibada ilimchosha. Wakorofi wa kuandika majina ukutani hawakuanza leo.

Mvua ilipochachamaa tulivuka barabara na kushuka ardhini, kwenye lile birika kubwa la maji lililojengwa zama za Mfalme Justinian. Nguzo 336 zimesimama majini, na mbili kati yake zimekalia vichwa vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote mjini, na kwa kuwa ilikuwa Januari hatukusukumana na mtu. Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye minara sita, upo jirani. Ni mzuri, ila nimeshasema mengi kuhusu misikiti.

Soko Kubwa lina paa, maduka yapatayo elfu nne, na Jumapili linafungwa. Kukwepa mvua, hakuna pazuri zaidi. Kununua ni habari nyingine. Muuzaji mmoja alitukaribisha kwa chai ya moto, akatandaza mitandio mezani, akataja bei. Wifi akanywa chai yake taratibu hadi tone la mwisho, akashika mtandio, akaugeuza akitazama pindo.

"Kaka yangu," akamwambia kwa Kituruki chake cha Laleli, "hii mimi naichukua kwa jumla, na bei yenyewe naijua."

Yule bwana akacheka mpaka akamwita jirani yake aje amwone. Hatukununua kitu, tukaongezewa chai.

Siku jua lilipochomoza tukapanda boti Eminönü kwenda Üsküdar, yaani tukatoka Ulaya tukaingia Asia kwa muda wa kunywa chai moja. Watu wanarushia shakwe vipande vya mkate wa ufuta. Nilijaribu kukaa nje sitahani, nikavumilia hadi katikati ya maji, nikarudi ndani kwenye dirisha. Misikiti inaonekana vizuri tu kupitia kioo.

Halafu tukaja kwenye chakula. Mkabala na Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu Sinan iliyokamilika mwaka 1557, kuna safu ya mikahawa inayosifika nchi nzima. Inasifika kwa nini? Wali maharage. Nimeruka bara hadi bara kuja kula wali maharage! Lakini maharage yale meupe, yaliyochemka polepole kwenye nyanya na siagi, pembeni achari ya pilipili, katika baridi ile, sikubakiza hata mchuzi. Wifi aliomba mkate wa kufutia sahani.

Kutoka hapo ni mteremko mfupi hadi Vefa, kwenye duka la boza lililofunguliwa mwaka 1876. Boza ni kinywaji cha nafaka iliyochachushwa, kizito, chachu na tamu kwa pamoja. Ndugu wa togwa, ila hii wanailia kwa kijiko na kuinyunyizia mdalasini na dengu za kukaanga zinazouzwa duka la ng'ambo. Wifi, ambaye miaka yote hiyo alikuwa hajavuka mitaa ya Laleli, alimaliza glasi ya kwanza akaagiza ya pili.

"Wifi," akasema, "mwakani mzigo nitamwachia wakala. Sisi tutakuja kutembea tu."

Nikamwambia basi ajiandae na zile euro 25.