Upungufu wa magnesiamu katika malisho yaliyostawi

Mwezi wa Aprili, majuma mawili baada ya mvua za masika kuanza hapa Kinangop, Kenya, ng'ombe wangu wa Friesian, aliyekuwa na mwezi mmoja tangu azae kwa mara ya sita, alikataa kuingia mahali pa kukamuliwa. Masikio yake yalisimama wima na ngozi ya ubavuni ikatetemeka kana kwamba inafukuza nzi. Lango lilipogongwa kwa kishindo aliruka, akayumba, akaanguka huku akisaga meno na kurusha miguu. Nilidhani ni homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalisi baada ya kuzaa, ingawa ng'ombe wa homa hiyo hulala kimya akiwa amepinda shingo. Daktari wa mifugo alimtia mshipani mchanganyiko wa kalisi na magnesiamu, polepole, huku akiusikiliza moyo, kwa sababu dawa hiyo ikiingia kwa haraka huweza kuusimamisha.

Kumbe alikuwa amepungukiwa na magnesiamu. Upungufu huo ulitoka wapi, na majani yalikuwa tele? Ulitoka katika wingi huohuo. Sehemu ile niliilima viazi miaka mingi kwa mbolea ya NPK 17:17:17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, nikaimwagia samadi, ambayo nayo ina potasiamu nyingi, kisha nikapanda nyasi na kuzikuzia kwa CAN, mbolea ya naitrojeni. Nyasi changa zinazokua upesi penye baridi hujaa potasiamu, nayo ndiyo huzuia magnesiamu isifyonzwe katika tumbo la kwanza. Chumvi ikiwa haba, hali huwa mbaya zaidi. Wakati huohuo, kila lita ya maziwa huondoka na takriban gramu 0.12 za magnesiamu, na akiba iliyo mifupani huzidi kuwa ngumu kutoka kadiri mnyama anavyozeeka, ndiyo maana mitamba waliokula nyasi zilezile hawakudhurika.

Tangu hapo, msimu wa mvua ukianza, kila ng'ombe anayekamuliwa hupata gramu 60 za oksidi ya magnesiamu kwa siku. Mara ya kwanza niliiweka peke yake horini, wakainusa na kuiacha. Sasa naichanganya na pumba na molasi, bila kuruka hata siku moja, kwa kuwa ya jana haifidii ya leo. Asubuhi hula kwanza nyasi kavu za boma rhodes, chumvi ipo wakati wote, na samadi naipeleka kwenye mahindi.

Ng'ombe yule alisimama kabla ya adhuhuri. Lango nalo nimelipigilia kipande cha tairi, lisigonge tena.