Betri za mashua yangu: hesabu iliyonikwamisha Mkanda

Mashua yangu hapa Lamu huenda kwa tanga, na siku za shwari nawasha mota ya umeme ya volti 48. Nilianza na betri nne za asidi, kila moja volti 12 na amp-saa 100 (amp-saa ni kipimo cha umeme ambao betri hubeba). Kwa karatasi ni kilowati-saa 4.8. Lakini kwenye mlango wa Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakitoka kwa nguvu, mota ilizima hata saa moja haijatimia. Tukatia nanga, tukangoja maji yajae.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Hizo amp-saa 100 hupimwa betri ikitoa umeme polepole, kwa saa 20. Mota yangu huvuta kilowati 2, yaani ampea 42 hivi. Kwa mvuto huo betri ya asidi hutoa pungufu sana, na ukizoea kuishusha chini ya nusu inakufa mapema.

Nikajikaza nikanunua betri ya lithiamu aina ya LFP (ya chuma na fosfati), volti 51.2, amp-saa 100. Nikitumia asilimia 80 napata kilowati-saa 4, saa mbili kwa mvuto uleule. Uzito ulishuka kutoka kilo 120 hadi chini ya 50, ikabidi niongeze farumi, yaani uzito wa kutuliza mashua. Chaja ya sola niliipanga upya, na fyuzi ikakaa jirani kabisa na betri.

Jambo lililonifurahisha zaidi: nikipunguza mwendo kidogo tu, matumizi ya umeme hushuka mno. Sasa Mkanda napita bila haraka.