Nilivyobaki Darasani Nikiwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu

Mkuu wa chuo cha ualimu hatarajiwi kuwa na vipindi vingi, na wengi hawana hata kimoja. Hakuna anayewalaumu. Kuna mamia ya wanachuo wanaolala bwenini na kula mara tatu kwa siku, kuna mzabuni wa maharage anayedai, kuna pampu ya maji iliyokufa usiku, kuna barua inayotaka takwimu kabla ya saa tisa alasiri. Mimi nilifundisha mbinu za kusoma, kuandika na kuhesabu miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo kimoja cha serikali huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hadi nilipostaafu. Wenzangu wanaopandishwa vyeo huniuliza niliwezaje. Naandika kwa ajili yao.

Nilianza kazi na cheti cha ualimu daraja la IIIA, nikafundisha shule za msingi za vijijini, baadaye nikaenda chuo kikuu na kurudi kuwa mkufunzi. Nilipofanywa makamu mkuu wa chuo, nikaanza kupata habari za darasa kupitia ripoti: mada zimekamilika, mahudhurio ni mazuri, majaribio yamesahihishwa. Ripoti ni lazima iwepo. Lakini haikwambii kwamba mwanachuo ameandika andalio la somo zuri kabisa kuhusu sauti za herufi, kisha akisimama kufundisha anaandika m ubaoni na kutamka "em". Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mkazo wote kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na sauti ya herufi ndiyo mlango wa kuingilia. Mtoto aliyefundishwa "em" na "a" ukimwambia aunganishe atasoma "ema", na ana haki. Aliyefundishwa sauti yenyewe, midomo ikiwa imefungwa, akiifungua tu "ma" inatoka. Jambo dogo kama hilo huwezi kulisoma kwenye jalada. Hulisikia ukiwa umekaa dawati la nyuma.

Kwa hiyo nilipopewa chuo niliamua kwamba somo langu siliachi, na kazi yote ikawa kulilinda. Ulinzi wa kwanza ni ratiba. Nilimwomba mtaaluma anipangie vipindi viwili vinavyofuatana, vya kwanza asubuhi, katikati ya wiki. Jumatatu ina vikao na barua zilizolala tangu Ijumaa, na mwisho wa wiki ni wa safari na wazabuni. Asubuhi mapema mhasibu hajaleta hati za malipo, benki haijafunguliwa, na wakubwa bado hawajaanza kupiga simu. Nilikubaliana na katibu muhtasi kwamba simu yangu inabaki mezani kwake na jibu ni moja: mkuu yuko darasani, atatoka saa fulani. Mgeni aliyefika kwa dharura aliletewa kiti akakaa nyuma ya darasa kusubiri. Baadhi yao walikuja kupenda, hata wakaniuliza ni lini nina kipindi tena.

Ulinzi wa pili ni kukasimu madaraka, na kukasimu kwa maandishi. Ruhusa za wanachuo, malipo madogo na mapokezi ya mizigo nilimkabidhi makamu wangu kwa barua iliyowekwa kwenye jalada, ili mkaguzi wa hesabu akija asimwone kama mtu aliyejitwalia kazi isiyo yake. Chakula ndicho kilichokuwa kikinitoa darasani kuliko kitu chochote. Tuliweka utaratibu kwamba unga na maharage vikitoka stoo vinapimwa mbele ya mkufunzi wa zamu na waziri wa chakula wa serikali ya wanachuo, wote wawili wanasaini. Malalamiko yalipungua sana, kwa sababu wanachuo walikuwa wakimwona mwenzao akisoma mizani. Nilipoitwa safari siku ya kipindi, nilibadilishana na mkufunzi mwenzangu wa somo hilohilo, na deni hilo nililipa ndani ya wiki ileile. Nilikuwa mkali kwa nafsi yangu hapo. Mkuu akidaiwa vipindi, hana uso wa kumdai mwingine.

Faida ya kubaki darasani iliniwia wazi zaidi mwaka 2016. Elimu bila ada ilipoanza Januari, watoto wa darasa la kwanza walifurika nchi nzima. Kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na chuoni kila kitu tulikuwa tumekipanga kwa 45: ukubwa wa zana, idadi ya vikundi, hata muda wa kusahihisha madaftari. Wanachuo waliporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita BTP, niliwaomba wafunge madaftari wanisimulie tu. Binti mmoja, mwenye andalio safi kuliko wote, alisema aliingia darasa lenye watoto zaidi ya mia moja na hamsini. Hakuweza kufika nyuma kwa sababu hapakuwa na njia. Kadi zake za herufi tulizomfundisha kutengeneza zilionekana mpaka safu ya tatu tu. "Madam," akasema, "wale wa nyuma walikuwa wanasoma midomo ya wenzao." Fomu yake ya tathmini nilikuwa nayo ofisini. Ilikuwa imeandikwa kwamba zana zimeandaliwa vizuri.

Nilimfuata mkufunzi mmoja mstaafu aliyekuwa akiishi jirani na chuo. Mzee huyo alikuwa kazini baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie shule, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa hukohuko vijijini, wakifundisha na kujifunza kwa wakati mmoja kwa msaada wa vipindi vya redio na masomo ya posta. Nilimwamkia, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, kwanza tafuteni njia ya kupita." Alikuja chuoni akapanga madawati mwenyewe mbele ya wanachuo mpaka mwalimu akaweza kuzunguka darasa lote. Kisha akagawa darasa makundi matatu: moja linasoma na mwalimu mbele, la pili linaandika, la tatu linahesabu kwa vizibo vya soda chini ya kiranja wake, halafu yanabadilishana. Herufi zikaandikwa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima.

Mwalimu mkuu wa shule yetu ya mazoezi alikubali tuunganishe mikondo miwili mara moja kwa wiki, wanachuo wafundishe wingi huo huku sisi tukitazama. Baadhi ya wakufunzi walipinga, na hoja yao ilikuwa nzito: tukimfundisha mwalimu kumudu watoto mia na hamsini, si tunasema kwamba hali hiyo ni sawa? Tulibishana kikao kizima. Msimamo wangu ulikuwa kwamba mtoto aliyeandikishwa mwaka huu atakuwa darasa la pili mwakani, darasa liwe limejengwa au halijajengwa. Tukakubaliana kufanya yote mawili: mazoezi yaendelee, na kila taarifa ya BTP inayokwenda juu ionyeshe idadi halisi ya watoto tuliowakuta kila shule.

BTP yenyewe nayo niliifanyia kazi. Fedha za kuwatembelea wanachuo zikichelewa, kuna atakayemaliza mazoezi akiwa ameonekana mara moja, tena kwa haraka. Tuliacha kuwatawanya. Tukachagua shule zilizo kando ya barabara moja, kila shule ikapokea wanachuo watatu au zaidi, ili safari moja ya gari iwatosheleze wengi na siku ambazo hatupo watazamane wao kwa wao na kujadili jioni. Mwalimu mzoefu wa kila shule tulimwita chuoni siku moja tukapitia naye fomu ya tathmini. Mimi nilichukua fungu langu la wanachuo kama mkufunzi mwingine yeyote. Nilikaa nyuma, nikasoma andalio, nikasikiliza sauti ya m.

Siku ya makabidhiano nilimwonyesha mrithi wangu stendi ya majalada, hati za eneo la chuo, madeni, halafu ratiba. Yeye ni mtu wa hisabati. Akaniuliza kama ni lazima achukue somo langu. Nilimwambia achukue hisabati yake, mkondo wowote anaoupenda, ila asikubali kupangiwa kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kwa sababu hicho ndicho kinachomezwa na vikao, na kikishamezwa miezi miwili hakirudi.