ZAHÖ MAOMBI ZA KAYI: nilivyopata laptop ya chuo

Mie mtu wa Makorora, Tanga. Mwaka jana 2025 nilichaguliwa kwenda kusoma uhasibu Dodoma, na tangu siku hiyo kila aliyekanyaga baraza letu alikuwa na ushauri wa laptop. Jirani akasema nichukue yenye kioo kikubwa. Shangazi akasema nisichukue nyeusi, inashika alama za vidole. Fundi baiskeli wa pale kona, ambaye sijui nani alimuuliza, akasema mtumba nisiguse hata siku moja. Ila ushauri ulioshika ni wa anko, kaka yake mama aliyeko Dar, maana anko anatengeneza redio na tivii na kwenye ukoo wetu chochote chenye waya ni idara yake.

Akapiga simu, tukaweka spika, nyumba nzima inasikiliza. "Sikiliza mjomba, usibabaishwe na maneno mengi, we angalia i. Kuna i3, kuna i5, kuna i7. i7 ni i7." Basi. Mama akatikisa kichwa kama kasomewa hukumu.

Hela tulikuwa nayo kama laki sita na kitu, kikoba cha mama kilikuwa kimevunjwa mwezi wa saba na mie nilikuwa nachapa barua za watu steshenari tangu nimalize mitihani ya kidato cha sita. Tukamtumia anko laki nne na themanini, akaenda Kariakoo akanunua, akaipakia kwenye basi, nikaenda kuipokea stendi ya Kange imeviringishwa kwenye taulo la kuogea. Stika ya i7 inang'aa. Bibi akapiga vigelegele, wallahi.

Sasa tukaiwasha. Ikaanza kuzunguka kale kaduara. Nikaenda jikoni nikabandika chai, ikachemka, nikaipua, nikachuja, narudi na kikombe mkononi ndo kwanza inaniambia karibu. Feni inalia kama cherehani ya fundi mwenye oda za Idd. Nikasema labda ni ugeni, mizunguko ya basi, ikizoea itatulia (eti ikizoea!). Nikachomoa chaji nikakae nayo barazani watu waione, dakika kumi na nane ikazima. Nilihesabu, siku ya pili yake nikahesabu tena, ikawa kumi na sita.

Kesho yake steshenari kuna kaka huwa anakuja kurekebisha printa za bosi, nikamuonyesha. Akabonyeza kitufe cha Windows na Pause, ikaja karatasi ya maelezo, imeandikwa i7-2620M, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ile namba baada ya kistari ndo inakwambia kizazi, watu wanaita jeni, yangu inaanza na 2, jeni ya pili, prosesa (ubongo wa kompyuta) za mwaka 2011. Mdogo wangu wa mwisho kazaliwa 2011! Na akanifafanulia kwamba hiyo i7 yangu ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi, wakati i5 ya jeni ya nane kama i5-8350U ina kori nne, kwa hiyo i5 ya juzi inaikalisha i7 ya zamani na wala haitoki jasho. Ukiona namba inaanza na 10 au 11 hiyo ni jeni ya kumi na ya kumi na moja, usije ukasema ni ya kwanza, mie nilishasema.

Nikampigia anko. Nikamweleza yote, jeni, kori, betri. Kimya kidogo. "Lakini ni i7 au sio i7?" Ndiyo anko, ni i7. "Basi." Alivyorudi dukani kwa kulazimishwa na mama wakamwambia mali ikiuzwa hairudi.

Kilichoniokoa ni kijana mmoja pale mtaani anaingiza nyimbo kwenye flashi, kakibanda kake kana umeme muda wote na mashine yake haiondoki mezani, kwake betri si hoja. Sikumficha kitu, mie siwezi kumuuzia mtu dhambi. Nikamwambia betri imekufa, ni ya 2011, inawaka kwa muda wa chai. Anasikiliza, anaitikia, macho yako kwenye stika. "Lakini ni i7 dada?" Nikasema ni i7. Akahesabu laki tatu taslimu. Sina la kuongeza hapo.

Laki na themanini ikaenda na maji. Nikarudi steshenari mwezi mwingine, shangazi akachangia, nikapata kama laki tano na sabini, na safari hii nikasema naenda mwenyewe na nanunua hapahapa Tanga mjini, nikiibiwa angalau najua pa kwenda kugombana.

Duka la kwanza wakanipa mpya, kwenye boksi, ndogo nzuri ya rangi ya fedha, nusura niuze akili. Laki sita na tisini, akasema dada'angu kwako sita na nusu. Kuangalia, prosesa Celeron, zile za daraja la chini, RAM 4GB, na storeji 64GB ya ile aina inayogandishwa humohumo ndani, huwezi kubadili. Nikafungua kuona nafasi iliyobaki, haijafika hata GB thelathini na bado haijawekwa kitu. Windows ikija kujisasisha mara mbili si imejaa? Mpya haimaanishi nzima jamani, ni kama kununua kanga mpya ya nusu doti.

Duka la pili walikuwa na HP EliteBook 840 G5 laki nne na nusu, bei ya kuchekesha. Yule kaka wa printa alinifundisha kwa HP izime, iwashe, bonyeza F10 mfululizo, inakupeleka kwenye BIOS, seting'i za ndani kabisa za mashine. Nikafanya, ikaniomba paswedi. Muuzaji akasema hiyo haina shida dada utatumia tu. Haina shida leo, siku unataka kubadili kitu humo ndani ndo utajua ilikuwa ya kampuni gani Ulaya. Nikamrudishia taratibu.

Na hapo katikati nimeona jeni ya sita na ya saba zimejaa madukani kama machungwa ya Muheza msimu wake, bei chini kweli. Nahisi ni kwa sababu Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi kwa prosesa za Intel, hizi za i, inataka jeni ya nane kwenda juu. Wauzaji watakwambia "hii nimeiweka 11 na inakwenda", ndiyo inakwenda, kwa kulazimishwa, kama harusi nyingine tunazozijua.

Duka la tatu sasa. Model ileile, 840 G5, i5-8350U, RAM 8GB, SSD (ile storeji ya kasi) GB 256, laki sita na ishirini. F10 ikafunguka bila kuuliza kitu. Nikasema kaka naomba uchomoe chaji. Akasema iache tu inasaidia. Nikasema chomoa. Akachomoa. Nikafungua ile CMD nyeusi, dirisha la kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport, ukishaandika inatengeneza ripoti na inakwambia imeiweka wapi, unaifungua kama ukurasa wa intaneti. Hapo kuna sehemu mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaza sasa hivi. Hii ilizaliwa na elfu hamsini hivi, inajaza elfu thelathini na saba. Kwa mtumba hiyo ni afya. Muuzaji alikuwa ananiita "mrembo" tangu naingia, baada ya ile CMD akawa ananiita "fundi".

Ila raha yenyewe ilikuwa kwenye kibodi. Mie nimechapa barua za maombi ya kazi mpaka naziota, naandika bila kuangalia vidole, na kibodi yoyote naijaribu kwa mstari mmoja tu, kile kichwa cha barua, YAH: MAOMBI YA KAZI. Nikafungua notipadi nikachapa, nikainua macho kusoma. Imeandika: ZAHÖ MAOMBI ZA KAYI.

Nikafuta nikarudia. ZAHÖ MAOMBI ZA KAYI.

Muuzaji akasema dada umekosea. Kaka, mie sijakosea neno hilo tangu mwezi wa tano. Kuinama kuangalia vitufe, Z iko juu mahali pa Y, Y iko chini mahali pa Z, na pembeni ya L kumekaa Ö yenye macho mawili. Kibodi ya Kijerumani! Sasa Kiswahili ukikiondolea y na z kinabaki nini, nyumba inakuwa nzumba, zawadi yawadi. Nikamsomea kwa sauti, kukawa na wateja wawili wanacheka, yeye anajitetea "hii mali ya Ulaya fundi". Nikamwambia na mie naenda Dodoma, siendi Berlin.

Hapo nilikuwa najua wazi kwamba unaingia kwenye seting'i za lugha unaweka kibodi ya Kiingereza na herufi zinarudi mahali pake, kazi ya dakika moja na haina senti. Sikusema. Nikakunja uso, nikauliza kama wana nyingine, hawana, nikachukua pochi, nikatoka mpaka mlangoni, nikarudi. Tukavutana kama nusu saa, mpaka laki tano na arobaini, na begi juu. Begi lenyewe zipu yake ilikatika wiki ya pili lakini sio neno.

Kitu nilichosahau kabisa kuangalia ni chaji. Nafika nyumbani plagi ina vijiti viwili vinene vya mviringo, haingii kwenye soketi yetu hata uisukume vipi. Mama akaniangalia tu. Nikatafuta waya wa pini tatu, ule wa kuchomeka kwenye lile tofali la chaji, kama elfu saba hivi, unabadili waya tu, usiuziwe chaji nzima.

Usiku huo nikakaa kitandani na pini ya mtandio nikabandua kitufe cha Y na cha Z nibadilishane mahali, ili mtu mwingine akiazima asipotee. Pole pole, unainua kona moja kwanza, chini yake kuna vimikono vya plastiki vyembamba kuliko mwiba wa samaki. Z ikakaa sawasawa. Y nikaibana kwa pupa, kimkono kimoja kikalia tak. Mpaka leo inayumba kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, ila inaandika. Ö na ndugu zake nimeziacha, nimeshajua ni nukta mkato.

Chai? Kabla sufuria haijapata moto iko tayari. RAM nitaongeza boom (hela ya mkopo wa chuo) likitoka, ina nafasi mbili na moja iko wazi, nilihakikisha.

Anko alikuja Tanga kwenye arobaini ya jirani yetu, akaiomba aione. Akaipindua, akaigonga kwa ukucha, akaangalia stika muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Ila mjomba ungevumilia kidogo tu ungepata i7."

Mama akamwonyesha kwa mdomo upande wa kibanda cha nyimbo, mziki unasikika mpaka ndani. "Ile pale. Nenda kaikomboe."